Utelezi Ndani ya Jerikani
Chembe za nano na utando wa bakteria: matini ya mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Kaunti ya Kwale



Yeyote aliyewahi kupitisha kidole kwenye mdomo wa jerikani iliyobeba maji nyumbani kwa mwaka mzima anaujua utelezi ule. Hauna rangi ya kutisha wala harufu kali. Ukipanguswa hung'oka kidogo, na baada ya siku chache umerudi. Watu wengi huuona kuwa ni uchafu wa kawaida wa chombo cha maji, na kwa kuwa mkono wa mtu mzima haupiti katika mdomo wa jerikani, huachwa uendelee.

Utelezi huo ni mji. Wakazi wake ni bakteria, na mji wenyewe wanasayansi wanauita utando wa bakteria. Bakteria anayeelea peke yake majini ni kiumbe dhaifu: klorini kidogo humuua, na dawa ya hospitali humfikia upesi. Lakini akipata mahali pa kushika, iwe ni plastiki, jiwe, mpira, jino au nyama ya kidonda, hutulia, huzaana, na pamoja na wenzake hutoa ute mzito wa sukari, protini na nyuzi za vinasaba. Ute huo huganda ukawa nyumba, ukuta na ghala la chakula kwa pamoja. Ndani yake mna vijia vidogo vya maji vinavyopitisha chakula na kuondoa taka. Wakazi wa katikati hupunguza mwendo wa maisha, karibu kulala. Hapo ndipo tatizo linapoanza, maana dawa nyingi za kuua bakteria humpata yule anayekula na kukua, aliyelala humkosa. Vipimo vya maabara vimeonyesha kuwa bakteria walio ndani ya utando wanaweza kustahimili dawa kwa kiwango kinachofika hata mara 1,000 kuliko ndugu zao wanaoelea.

Asiyekuwa na jerikani bado anao utando mwingine kinywani mwake. Ukoga wa meno ni utando wa bakteria, na ndio wa kwanza kuonekana na binadamu kwa darubini. Katika miaka ya 1680 Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, alikwangua ukoga wa meno yake mwenyewe akaona vijidudu vikitembea. Akasukutua kwa siki, akatazama tena. Wale waliokuwa nje ya ukoga walikufa. Wa ndani walikuwa wazima. Aliandika kwamba siki haikupenya. Hivyo tatizo ambalo leo linazungumzwa katika mikutano mikubwa ya madaktari liliandikwa zaidi ya miaka 300 iliyopita na mtu asiye daktari, kutokana na meno yake. Na babu zetu wa pwani hii, bila darubini, walikuwa tayari na jibu lake: mswaki wa kijiti, unaotafunwa hadi unyuzike, kisha unasugua. Kusukutua peke yake hakutoshi. Msikilizaji alishike neno hili la kusugua, kwa sababu litarudi.

Katika Kwale utando huu una uzito wake. Tangu miaka ya 1980, pwani ya kusini ilipokuwa moja ya mahali pampu za mkono zilikojaribiwa kabla ya kusambazwa Afrika, na pampu ya Afridev ikatokana na majaribio ya aina hiyo hapa Kenya na Malawi, fedha nyingi na jasho jingi vimewekwa katika visima. Maji yanayotoka kwenye pampu iliyotunzwa vizuri mara nyingi ni mazuri. Lakini mapitio ya tafiti za nchi nyingi yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha jambo ambalo mwenye nyumba hapendi kulisikia: maji huchafuka baada ya kuteka, njiani na nyumbani. Kisima kinaweza kuwa safi na mtoto akaharisha, kwa sababu kati ya kisima na kikombe kuna jerikani, kuna mtungi, kuna kata, na kuna mkono ulioishika kata. Katika kaunti ambayo sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 866,820, na ambako nyumba nyingi kuanzia Kinango hadi Lungalunga bado huteka na kuweka, jerikani si chombo cha kudharauliwa.

Mahali pa pili ni kidonda. Kiswahili kina jina la kidonda kisichopona: donda ndugu. Mzee mwenye kisukari hujikwaa, kidole kinachubuka, wiki zinapita, miezi inapita, dawa inabadilishwa, donda liko pale pale. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichunguza kwa darubini vipande vya madonda sugu 50, wakakuta utando wa bakteria katika 30. Katika majeraha mapya 16 waliuona katika moja tu. Hii inaeleza kwa nini kununua dukani vidonge vikali zaidi na zaidi hakumsaidii mzee huyo. Vidonge vinafika, lakini mlango umefungwa. Vinachoua ni wale dhaifu waliotoka nje. Wale wa ndani hubaki, na baadhi yao hujifunza. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2022 katika jarida la Lancet yalisema kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na bakteria waliokuwa sugu kwa dawa.

Mahali pa tatu ni vifaa vya hospitali vinavyokaa mwilini, hasa mpira wa mkojo. Inatosha kusema kwamba ndiyo sababu muuguzi husisitiza mpira utolewe mapema unapokuwa hauhitajiki, hata kama mgonjwa anaona ni nafuu kubaki nao.

Sasa, chembe za nano ni nini? Chukua milimita moja, ile mistari midogo kwenye rula ya mwanafunzi. Igawe mara milioni. Kipande kimoja ni nanomita. Unywele wa mtu una unene wa takriban nanomita 80,000. Bakteria wa kawaida ana kama 1,000. Chembe ya nano ni ile iliyo kati ya nanomita 1 na 100, yaani mbele ya bakteria ni kama embe mbele ya nyumba. Kwa udogo huo inaweza kuingia katika vile vijia vya maji vya utando, mahali ambapo kitu kikubwa hukwama. Tena madini yaliyosagwa kufikia hapo hubadilika tabia. Gramu moja ya fedha katika umbo la pete ina uso mdogo wa kugusana na maji. Gramu hiyo hiyo ikivunjwa kuwa chembe za nano ina uso wa mita za mraba nyingi, na kazi yote hufanyika usoni.

Fedha imetajwa kwa sababu ndiyo iliyotumika zaidi. Inafaa kukumbuka kwamba katika lugha yetu fedha ni madini kabla haijawa pesa. Chembe za fedha zikiwa majini huachia polepole vipande vyake vyenye chaji ya umeme. Hivi huenda kushika protini za bakteria, hutoboa ngozi yake, huvuruga upumuaji wake na kuzalisha ndani yake aina za oksijeni zinazounguza. Dawa ya kawaida ya antibayotiki hupiga mahali pamoja. Fedha hupiga pengi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hata bakteria aliyelala hana usalama kamili. Hata hivyo, ute wenyewe hupigana. Chembe kubwa hunaswa, na chembe zenye chaji isiyofaa hugandamana mlangoni. Kwa sababu hiyo watafiti hushughulika sana na ukubwa wa chembe na na kitu zinachovikwa. Wengine wametumia chembe za oksidi ya chuma ambazo huvutwa kwa sumaku zikapita katikati ya utando kama jembe.

Wazo la kutumia madini kuzuia viumbe kushika mahali si geni kwa mabaharia. Chombo kikikaa majini, kitu cha kwanza kuota chini yake ni utando wa bakteria. Kisha huja mwani, kisha chaza na vikombe vinavyokata mikono. Mafundi wa Gazi, Shimoni na Vanga hukipandisha chombo wakakikwangua. Zamani walikipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Karne ya 18 Waingereza walianza kufunika meli zao za vita kwa mabati ya shaba. Chembe za nano za shaba na fedha ni wajukuu wa mabati hayo.

Kuna jambo jingine la hapa hapa ambalo halisemwi vya kutosha. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2013 hadi machimbo yalipofungwa mwishoni mwa mwaka 2024, mchanga mzito ulichimbwa katika ardhi ya Kwale, ukapakiwa meli Likoni ukaenda ng'ambo. Ndani yake mlikuwa na ilmenaiti na rutaili, madini ya titani. Matumizi makubwa ya madini hayo ni unga mweupe wa rangi za kuta. Lakini oksidi ya titani ikiwa katika chembe za nano na ikapigwa na mwanga mkali wa jua, huzalisha majini vitu vinavyovunja uchafu na kuua vijidudu. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Fujishima na Honda, walieleza jinsi titani inavyofanya kazi kwa mwanga, na mwaka 1985 Mjapani mwingine, Matsunaga, akaonyesha na wenzake kwamba njia hiyo inaua vijidudu. Kwa hiyo nchi iliyo na jua kama hili, na iliyouza madini hayo kwa shehena, ndiyo inayonunua kwa bei ya ng'ambo chochote kitakachotengenezwa nayo. Mwanafunzi wa kemia wa Kwale anaweza kulitafakari hilo.

Wala si titani tu. Majani ya mwarobaini, mti ulio karibu kila ua wa pwani, yana kemikali zinazoweza kugeuza chumvi ya fedha kuwa chembe za nano bila kutumia sumu nyingi za kiwandani. Watafiti walilichapisha hilo mwaka 2004. Maganda ya kamba na kaa, yanayotupwa ufukweni, hutoa kitu kiitwacho kitosani, ambacho hutengenezewa chembe zinazogandana na bakteria kwa sababu chaji zao hupishana. Kitosani peke yake huchosha utando, na kikibebeshwa dawa huifikisha ndani zaidi. Hayo ni ya maabara bado. Yasichukuliwe kuwa mtu akichemsha mwarobaini na pete ya bibi amepata dawa.

Yaliyokwisha kutoka maabara ni machache, nayo yanafaa kujulikana. Krimu ya fedha kwa majeraha ya moto imetumika hospitalini tangu mwisho wa miaka ya 1960, ingawa hiyo si ya nano. Katika miaka ya 1990 zilianza kutengenezwa Kanada bandeji zilizopakwa fedha ya nano kwa majeraha makubwa. Ni ghali, na daktari ndiye anayeamua nani anahitaji. Kichujio cha udongo ni cha bei ya mwananchi zaidi: mfinyanzi huchanganya udongo na unga wa mbao au makapi, huchoma, makapi yanaungua na kuacha vitundu vidogo, kisha chungu hupakwa maji yenye chembe za fedha. Vitundu huzuia vijidudu, na fedha huzuia utando usiote ndani ya kichujio chenyewe. Njia hiyo ilianzia Guatemala mwaka 1981 na imesambaa katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Udhaifu wake ni ule ule: maji yakitoka safi yakaingia katika ndoo yenye utelezi, kazi imeharibika.

Jirani zetu wa Tanzania wana mfano wa karibu zaidi. Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali wilayani Karatu, alikua akiugua magonjwa ya maji machafu. Alisomea teknolojia ya nano Korea Kusini, akarudi kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela mjini Arusha, na akatengeneza kichujio kinachounganisha mchanga na malighafi za nano. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, yenye pauni 25,000. Kinachofundisha katika kichujio hicho ni mgawanyo wa kazi. Mchanga ndio unaozuia tope na vijidudu. Malighafi za nano hushika kemikali kama floraidi, ambayo huko Arusha huharibu meno na mifupa. Na zinabadilishwa kulingana na maji ya mahali, kwa sababu maji ya Karatu si maji ya Msambweni.

Hapa kuna la kushangaza kidogo. Kichujio cha mchanga cha taratibu hufanya kazi kwa sababu ya utando. Juu ya mchanga huota tabaka la viumbe hai linalokula vijidudu vinavyopita. Mtu akimwaga klorini nyingi katika kichujio cha namna hiyo kwa nia njema, amewaua walinzi wake. Utando si adui kila mahali. Katika mchanga ni mfanyakazi, katika jerikani ni mpangaji asiyelipa.

Kwa upande wa tahadhari, ipo ya kuambiwa bila kuzunguka. Chupa zinazouzwa kama maji ya fedha ya kunywa, eti hutibu kila kitu kuanzia malaria hadi kisukari, si tiba. Mwaka 1999 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza kuwa bidhaa za namna hiyo zinazouzwa bila agizo la daktari hazitambuliwi kuwa salama wala zenye kufaa. Anayezinywa muda mrefu anaweza kugeuka rangi ya ngozi ikawa ya kijivu na buluu, na rangi hiyo haiondoki. Kiasi kidogo mno kinachotoka katika kichujio kilichotengenezwa vizuri ni jambo tofauti. Shirika la Afya Duniani linasema kiwango cha hadi miligramu 0.1 katika lita moja kinaweza kuvumilika.

Bakteria nao hawajalala. Mwaka 1975 madaktari wa Boston walieleza Salmonella iliyostahimili dawa ya fedha katika wodi ya majeraha ya moto, na wagonjwa wakafa. Fedha ikitiwa ovyo katika soksi, sabuni na vyombo vya jikoni, silaha hii nayo itabutuka kama zilivyobutuka nyingine. Tena chembe zinazooshwa hazipotei. Hufuata maji hadi mikokoni na baharini, na fedha ni sumu kwa viumbe wadogo wa majini ambao samaki huwategemea. Kwa kaunti inayokula kwa bahari na kuajiriwa na bahari, kuanzia Diani hadi Kisite, hilo si la kuachiwa watu wa ng'ambo kulipima. Hata oksidi ya titani, iliyodhaniwa haina neno, Umoja wa Ulaya uliiondoa katika vyakula mwaka 2022 kwa kuwa usalama wake haukuweza kuthibitishwa.

Msikilizaji mwenye haraka atauliza: basi kesho asubuhi mtu afanye nini na jerikani yake? Jibu halina nano ndani yake. Jerikani husuguliwa. Tia kokoto safi ndogo au mchanga mkavu uliooshwa, maji kidogo na sabuni, funga, tikisa kwa nguvu kila upande ikiwa ni pamoja na shingoni na mpinini, ambako utelezi hujificha. Mwaga, suuza mpaka povu liishe. Baada ya hapo ndipo klorini itiwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio na kuachwa kwa nusu saa kabla ya kunywa. Klorini ikitangulia kusugua hutumika yote kwenye tabaka la nje la utando, kama siki ya Leeuwenhoek. Kazi hii ifanywe kila wiki, na mfuniko usisahauliwe. Mtungi wa udongo usuguliwe kwa kumbi la nazi, uanikwe juani ukiwa mtupu hadi ukauke kabisa, na kata iwe na mpini mrefu ili vidole visizame.

Mwenye donda lililopita wiki mbili bila dalili ya kupona asinunue vidonge. Aende zahanati, na kama ana kisukari aende siku hiyo hiyo. Huko donda litasafishwa na kukwanguliwa nyama iliyokufa. Inauma, na wengi hukimbia kwa sababu hiyo. Lakini baada ya kukwangua, utando huhitaji kama siku moja au mbili kujijenga tena, na katika muda huo dawa hupenya. Anayekosa siku ya kubadilisha bandeji huwapa bakteria nafasi ya kupandisha ukuta upya.

Ipo jerikani ambayo hata kokoto haziisaidii. Plastiki ikizeeka huchanika mikwaruzo midogo ndani, na kila mkwaruzo ni shimo la kujificha. Mtu akiimulika kwa tochi akaona ndani pamekuwa na ukungu wa mistari, hiyo ibadilishwe kazi: iwe ya maji ya kufulia, au ya kumwagilia mchicha, na iwekwe alama ya rangi mpinini ili mtoto asiichukue kwenda nayo pampuni.